Nyuzi Kumi na Mbili Kulia

Siku ya tatu tangu Mzee Kamba abanwe kati ya boti na ukuta wa gati, Bi Rula alikuwa amelala chali chini ya boti hiyohiyo, mkononi ameshika kipimapembe cha plastiki alichoazima kwa mtoto wa jirani.

Boti ilikuwa imepandishwa chelezoni tangu jana na bado ilikuwa inadondosha maji. Tone moja lilikuwa likimwangukia begani kila baada ya muda. Alilisikia, hakusogea. Wenzake kituoni walimpa jina hilo la Rula kwa sababu hakuamini kitu asichokipima. Naye alikuwa amelizoea hata akiitwa kwa jina alilopewa na wazazi, hageuki. Alikuwa inspekta wa upelelezi, miaka arobaini na tisa, na mambo ya boti hakuyajua hata chembe. Wiki hii ndipo alipojifunza kwamba boti haina breki.

"Kata kushoto mpaka mwisho!" akapaza sauti.

Huko juu, Fundi akazungusha usukani. Nyuma ya propela, bamba la chuma linalokata maji likageuka taratibu, likasimama. Bi Rula akaweka kipimapembe, akasoma, akaandika.

"Thelathini na tano. Haya, kulia."

Bamba likarudi katikati, likaanza kwenda upande wa pili, likasimama kabla halijafika popote.

"Mpaka mwisho, Fundi."

"Ndio mwisho."

"Bado. Endelea."

"Mama, nimekaza mpaka mishipa ya shingo imenitoka. Ndio mwisho wenyewe."

Akapima mara tatu. Mara zote tatu jibu lilikuwa moja: nyuzi kumi na mbili.

Mpaka asubuhi hiyo kesi ilikuwa nyepesi, na Mkuu wake aliipenda kwa wepesi wake. Jumanne saa moja na dakika ishirini asubuhi, boti ya abiria ilikuwa inarudi kutoka ng'ambo na watu kumi na tisa. Ilipokaribia gati ilipaswa igeuke kulia na kulala ubavu kwa ubavu na ukuta. Haikugeuka. Abiria wote walisikia injini ikinguruma ghafla, boti ikaruka mbele, ikambana mshika kamba aliyekuwa amesimama kwenye ngazi ya chini. Mshika kamba huyo ndiye Mzee Kamba, na aliyeshika usukani alikuwa mkwewe, mume wa binti yake.

Gatini hakuna asiyejua kwamba wawili hao walikuwa hawasemezani kwa miezi minne. Mzee ndiye aliyekuwa nahodha wa boti hiyo, miaka ishirini na miwili, mpaka macho yalipoanza kumsaliti. Akawa haoni boya la mbali. Aliyepeleka habari kwa mwenye boti ni mkwewe, na mkwewe ndiye aliyepewa boti. Mzee akaomba abakizwe kwenye kamba. Tangu hapo, safari ishirini kwa siku, mmoja alirusha kamba na mwingine akaidaka, wala salamu haikupita kati yao.

"Ameona nafasi, ameongeza moto, amemmaliza," Mkuu alikuwa amesema. "Leo Ijumaa. Saa kumi nataka faili liende mahakamani, shtaka la kuua."

Bi Rula akatoka chini ya boti, akajifuta mikono. Fundi alikuwa ameshashuka ngazi. Alikuwa mtu mwembamba, ovaroli imejaa alama za cheche, na mdomo wake haukukaa bure hata kidogo.

"Niambie ulichokifanya kwenye usukani huu," Bi Rula akamwambia. "Wiki mbili zilizopita. Niambie kama unavyomwambia mtu asiyejua kitu."

"Si wewe tu, wengi hawajui. Tazama. Boti ikienda kasi, maji yanapita kwa nguvu kwenye hili bamba, kwa hiyo ukiligeuza kidogo tu, boti inasikia. Ikienda polepole, maji yamelala. Bamba linakosa cha kushika. Unazungusha usukani kama unakoroga rangi ya ukuta, boti haina habari. Nahodha akanilalamikia: gatini inanisumbua, hainisikii. Basi nikafanya mambo mawili." Akagusa ukingo wa nyuma wa bamba, mahali chuma kipya kilipounganishwa na cha zamani. "Kwanza nikaongeza upana, kiasi cha kiganja. Pili nikalegeza vizuizi vya ndani. Kiwandani walilifunga liishie nyuzi ishirini na tano kila upande. Nikalipeleka thelathini na tano."

"Ikawaje?"

"Ikawa mtoto mtiifu! Anafika gatini, anakata kulia mpaka mwisho, anaitia moto mara moja tu, vum! Maji ya propela yanagonga bamba, yanatupwa pembeni, mkia wa boti unasogea wenyewe. Zamani alikuwa anazunguka kwa upana, anaanza kukata kule mbali. Sasa anakuja moja kwa moja, anageukia pale mlangoni. Hata wewe ungemsifu."

"Kwa hiyo kuitia moto karibu na gati si ajabu."

"Ndiko kugeuka kwenyewe, mama."

"Na bamba likiishia nyuzi kumi na mbili, halafu akaitia moto?"

Mdomo wa Fundi ukapumzika. Akalitazama bamba, akatazama gati, akalitazama tena bamba.

"Haitageuka," akasema. "Itakwenda mbele."

Wakapanda juu, Bi Rula mbele. Sehemu ya nyuma ya boti kulikuwa na kifuniko cha mbao. Kukifunua kulitaka ufunguo, na ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa ushahidi, uliotolewa kwenye suruali ya marehemu. Chini ya kifuniko, mhimili wa bamba ulitokeza ndani ya boti, na juu yake mkono wa chuma wa urefu wa dhiraa, unaocheza huku na huku kati ya bolti mbili. Bolti hizo ndizo vizuizi. Lakini kwenye bolti moja kulikuwa na kitu cha ziada: kipande cheusi cha mpira, kinene kama nusu tofali, kimefungwa kwa kamba. Mkono ukienda upande ule uligonga mpira huo, ukakoma. Nyuma ya mpira lilipita bomba jembamba la shaba, nalo lilikuwa limevishwa kitambaa.

"Hiki ni chako?"

"Si changu!" Fundi aliruka kana kwamba ameonyeshwa nyoka. "Naapa si changu. Huu ni mtego, mama. Mtu ametega. Atakuwa nahodha mwenyewe, nani mwingine anafungua hapa?"

"Nani mwingine?"

"Yeye na... na mzee. Mzee alikuwa anakausha maji ya ngamani, huku chini kabisa ya boti, kila asubuhi. Lakini mzee atajitega mwenyewe?"

Bi Rula akatoa kamera. Alipiga picha, pande zote nne. Kisha akapiga magoti, akatazama ile kamba kwa muda mrefu mpaka Fundi akaanza kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Kamba ilikuwa imezungushwa mara saba, kila mzunguko umelala kando ya mwenzake bila kupandana. Ncha yake ilikuwa imeunguzwa kwa moto isije ikafumuka. Akasimama, akaenda mbele ya boti, akainua kamba nene ya kufungia gatini. Ncha yake ilikuwa imezungushiwa uzi mara saba, imeunguzwa vilevile.

Akarudi.

"Anayetega huchomeka akakimbia," akasema. "Huyu aliketi akafanya kazi."

Akakifungua kitambaa taratibu. Bomba la shaba lilikuwa limekwaruzwa, sehemu moja iling'aa kama sarafu mpya, na mahali pale palikuwa na unyevu. Akagusa, akanusa kidole. Dizeli.

"Fundi, ulipolegeza hivi vizuizi, ulijaribu usukani ukiwa wapi?"

"Juu. Pale pa nahodha."

"Hukushuka huku kutazama mkono unafika wapi."

"Nilikuwa na boti nyingine inanisubiri."

"Mkono ukafika kwenye bomba la mafuta. Wiki mbili, safari ishirini kwa siku, kila nahodha akikata kulia mpaka mwisho chuma kinakwangua shaba. Sawa?"

Fundi akapitisha kidole juu ya ule mkwaruzo.

"Nani alikuambia?"

"Nani aliniambia nini?"

"Hakuna anayetengeneza bomba la mafuta kwa kitambaa. Hii ni kazi ya mtu anayemsubiri fundi. Na fundi wa boti hii ni wewe."

Fundi akaketi kwenye ukingo wa boti. Alianza kuchokoa kucha iliyokuwa nyeusi kwa grisi, akaichokoa hata pasipokuwa na grisi tena.

"Jumatatu jioni," akasema. "Mzee alinipigia. Akasema anakausha ngama, anasikia harufu ya dizeli. Kila siku inazidi. Nikamwambia hiyo ni ya zamani tu. Hujasikia, tezi na omo, marejeo ngamani? Kila uchafu wa boti mwisho wake ni huko. Akasema hapana, ni mbichi. Nikamtania. Nikamwambia, mzee, macho yamekwenda, sasa na pua?"

"Akasema nini?"

"Akacheka kidogo. Akasema njoo utazame. Nikasema Jumatano."

"Jumatano."

"Jumatano nilikuwa mazishini," Fundi akasema. "Nilibeba jeneza."

Bi Rula aliandika hilo pia, na saa.

Kabla ya saa tano boti ilikuwa majini. Bi Rula alitaka kuona kwa macho yake, maana karatasi hubeba chochote. Wakatoka mpaka mahali pa wazi, wakatia dumu tupu lililofungwa jiwe liwe ndilo gati. Fundi alishika usukani, Bi Rula akashika saa. Kwanza wakajaribu na mpira ukiwa mahali pake. Fundi akaja moja kwa moja kama alivyozoea nahodha, akakata kulia, akaitia moto. Boti ikainua pua, ikalipita dumu katikati kama haikuliona. Likaibuka nyuma yao likizunguka. Wakarudia. Ikawa vilevile.

Kisha Bi Rula akapiga picha ya mwisho, akaikata kamba kwa wembe mbali na fundo, akautia mpira mfukoni. Fundi akaja tena. Safari hii mkia wa boti ulizunguka kama mlango kwenye bawaba, na dumu likapita pembeni, mtu angeweza kulishika kwa mkono.

Mara ya tatu ya namna hiyo, dizeli ilianza kudondoka ngamani, tone kwa tone. Mzee hakukosea.

"Inatosha," Bi Rula akasema. "Turudi. Na usikate kulia."

Kituoni, Nahodha, yule mkwe, alikuwa amekaa kwenye sakafu ya mahabusu kama mzigo ambao mwenyewe ameusahau. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Tangu Jumanne hakuwa ameomba wakili, wala maji, wala blanketi. Alipoulizwa alijibu, asipoulizwa alitazama ukuta.

Bi Rula akavuta kiti.

"Jumanne kabla hujang'oa, wewe na mzee mlizungumza?"

"Hatuzungumzi, afande."

"Alifanya nini?"

"Alifungua kamba ya mbele. Akafungua ya nyuma. Akanyoosha kidole nyuma ya boti, halafu akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa, nikaondoka."

"Kidole chake kilikuwa kinasema nini?"

"Kwamba kamba zimetoka."

"Siku zote kamba zikitoka hukunyooshea kidole?"

Alifikiri. Ilimchukua muda, kama mtu anayetafuta swichi gizani kwenye chumba asichokijua.

"Hapana," akasema. "Siku zote hunipa mgongo."

"Gati la ng'ambo liko upande gani ukifika?"

"Kushoto."

"Kwa hiyo tangu ulipong'oa mpaka uliporudi, hukukata kulia mpaka mwisho hata mara moja."

"Hapana. Ni hapa tu."

"Ukakata."

"Nikakata, nikaitia moto. Haikusikia. Nikarudisha injini nyuma, imechelewa." Alisema bila kupandisha sauti wala kuishusha. "Mzee alisema kitu. Alinisemesha, afande. Alinyanyua mikono yote miwili, akasema kitu. Injini ikanizibia."

Bi Rula akaandika, akafunua ukurasa mpya.

"Akiwa na neno la kazi, mzee hukuambia vipi?"

"Humpigia mke wangu. Mke wangu huniambia. Nami nikiwa na neno, hivyohivyo."

"Jumanne mkeo alikuambia kitu?"

"Hapana."

"Una hakika?"

"Alinipa shati. Akasema siku njema."

Mezani kwake Bi Rula alilifungua faili upya. Orodha ya simu za marehemu ilikuwemo tangu Jumatano: Jumanne saa kumi na mbili na dakika kumi, simu moja kwa binti yake, dakika moja na sekunde arobaini. Maelezo ya binti yalikuwa yamebanwa nyuma yake, na Bi Rula mwenyewe ndiye aliyeyaandika: *Baba alinipigia kuuliza kama watoto wamekwenda shule.* Akayasoma mara mbili. Nje ya dirisha watoto walikuwa wanapiga mpira barabarani, Ijumaa, saa sita kasoro. Kipimapembe alichoazima kilikuwa bado mfukoni mwake, na mwenye nacho hakuwa amekidai, kwa kuwa hakukihitaji. Shule zilikuwa zimefungwa tangu wiki iliyopita.

Binti wa Mzee Kamba alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya dobi nyuma ya hospitali. Tajiri wake alikuwa amempa wiki nzima apumzike, naye alirudi siku mbili tu baada ya kumzika baba yake. Bi Rula alimkuta peke yake kwenye chumba cha kunyooshea, mvuke umejaa mpaka darini, mlima wa mashuka mbele yake. Alikuwa anayakunja moja moja, na shuka la hospitali si la kukunjwa na mtu mmoja.

Bi Rula akaweka mkoba chini, akashika ncha mbili za shuka. Wakalinyoosha, wakalikunja, wakasogeleana, wakaachana.

"Ungekaa nyumbani, dada."

"Nyumbani saa ya ukutani inapiga kelele."

Wakakunja la pili.

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Wamekwenda shule leo?"

"Shule zimef..." Mwanamke akakoma. Shuka lilikuwa limenyooka kati yao. Hakuliachia, wala hakulivuta.

"Na Jumanne zilikuwa zimefungwa," Bi Rula akasema. "Babu yao alijua. Aliwaona gatini Jumatatu, walimpelekea chakula cha mchana. Hakupiga simu kuuliza shule."

Mashine iliendelea kupuliza. Mwanamke akatazama mikono yake.

"Nikisema, mume wangu atatoka?"

"Nikijua mzee alisema nini, nitajua kilichotokea. Mumeo atatoka."

"Nisiposema?"

"Saa kumi Mkuu anampeleka mahakamani kwa kuua."

"Na mimi?"

"Wewe hakuna sheria inayokugusa. Nimeitafuta kabla sijaja."

Alitikisa kichwa kama aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hatakinunua. Akaanza kusema, na alipokuwa akisema aliendelea kukunja, ikabidi Bi Rula naye akunje.

"Jumatatu jioni niliwaambia wote wawili. Mume wangu mezani, baba kwenye simu. Nikawaambia, mimi si posta. Miezi minne: mwambie baba yako kamba ya nyuma imechakaa. Mwambie huyo mumeo boti imeingia maji. Wanafanya kazi hatua sita mmoja kutoka kwa mwingine, mimi niko huku na mashuka, ndiye ninayewapelekea habari. Nikasema kuanzia kesho mkitaka kuambiana, midomo mnayo."

"Wakasemaje?"

"Mume wangu akasema sawa. Baba akasema sawa. Asubuhi baba akapiga. Akasema, najua umekataa, lakini hii ni ya boti, ya leo tu. Akaniambia mambo ya huo mpira, yote, kwa utaratibu, kama ananisomea. Mume wangu alikuwa anaoga, nayasikia maji. Nikamjibu sawa, baba."

"Lakini hukumwambia mumeo."

"Nilikusudia nisimwambie." Akasema hivyo waziwazi, akimtazama Bi Rula kwa mara ya kwanza. "Sikusahau, afande. Watu watasema nilisahau. Nilijua robo saa baadaye watakuwa wamesimama pamoja. Nikasema, baba akiona hakuna jibu, atamwambia mwenyewe. Jambo la boti hawezi kuliacha. Leo watasemezana, watake wasitake." Akasawazisha pembe za shuka kwa kiganja. "Na alisema *mwambie nahodha*. Siku zote ni *huyo mumeo*. Miezi minne hajamwita nahodha. Nililisikia neno hilo, nikafurahi. Nikasema ameanza kulainika, bado kidogo tu."

Bi Rula alitaka kumwambia kuhusu kidole kilichonyooshwa na kichwa kilichoitikia. Kwamba mzee aliuliza *umeambiwa?* na kijana akajibu *ndiyo* bila kujua ameulizwa nini. Akaona hilo litasomwa kwenye faili, mwenye kutaka atalisoma. Akatoa karatasi, akayaandika maneno ya simu ile neno kwa neno kama alivyotamkiwa, akamsomea. Mwanamke akasahihisha neno moja, akatia saini. Hakulia. Alitazama mlima wa mashuka.

"Nani atamwambia?" akauliza.

"Naweza kumwambia mimi. Ni kazi yangu."

"Usimwambie. Nitakuja."

Saa nane na nusu Bi Rula alikuwa amesimama mbele ya meza ya Mkuu. Kipande cha mpira kilikuwa juu ya meza, na kando yake michoro miwili ya bamba, nyuzi zimeandikwa kwa kalamu nyekundu. Mkuu aliisoma ripoti mpaka mwisho, akarudi mwanzo.

"Kwa hiyo muuaji ni nani?"

"Hayupo."

"Mtu amekufa, Rula."

"Amekufa."

"Mzee aliweka kizuizi kulinda bomba lisije likamwaga dizeli na abiria wakawaka moto. Akatuma neno. Neno halikufika. Kijana akaingia gatini kama alivyozoea tangu usukani uboreshwe. Ndivyo?"

"Ndivyo. Fundi nitamfungulia shtaka la uzembe. Alibadilisha usukani bila kutazama mkono unafika wapi, na alipoambiwa kuna harufu akatania. Hilo linasimama."

"Gatini wanasema aliua. Watu mia. Lisemwalo lipo."

"Mara hii halipo, mkuu. Nimelipima."

Mkuu akaukodolea macho ule mpira, akausogeza kwa ncha ya kalamu, akatia saini.

Saa tisa Nahodha alitolewa mahabusu. Bi Rula alisimama kaunta kumkabidhi vitu vyake: mkanda, saa ya mkono, viatu bila kamba, na kamba za viatu kwenye bahasha. Mkewe alikuwa ameketi kwenye benchi la wageni, bado amevaa aproni ya kazini. Aliposimama, mumewe akabaki na kiatu kimoja mkononi.

"Wameniambia niende," akasema. "Hawajaniambia kwa nini."

"Baba alinipigia Jumanne," mwanamke akasema. "Wewe ulikuwa unaoga. Alinipa neno nikupe. Sikukupa kwa makusudi. Nilitaka mzungumze."

Nahodha akaketi kwenye benchi. Askari wa zamu aliyekuwa anaandika kitabu cha matukio akaacha kuandika, Bi Rula akamtazama, akaendelea kuandika.

"Alisemaje?"

"Kuna..."

"Neno kwa neno."

Mwanamke akasimama wima mbele yake, mikono kwenye aproni, akayasema kama alivyoyasema kwenye chumba cha mashuka.

"Mwambie nahodha mkono wa usukani unakwangua bomba la mafuta. Nimeweka mpira hapo mpaka fundi aje kesho. Kulia hautafika mwisho. Mwambie leo asije moja kwa moja. Azunguke kwa upana, kama nilivyokuwa nikizunguka mimi."

Nahodha akavaa kiatu cha kwanza. Akavaa cha pili. Akaitoa kamba moja kwenye bahasha, akaanza kuipitisha matunduni, tundu moja baada ya jingine, akakosea, akaitoa, akaanza tena.

"Ningezunguka," akasema. "Nafasi ilikuwepo."